Steroidi na Sikio la Kati: Dawa Ipite Wapi?

Ndugu wasikilizaji, kwamba steroidi hutuliza uvimbe halina ubishi. Ninalolijadili leo ni njia: imezwe, ipulizwe puani, au idondoshwe sikioni?

Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa. Upande wa nje limezibwa na ngoma yenye unene wa takriban milimita 0.1; upande wa ndani lina mrija wa Eustachio unaofunguka nyuma ya pua. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, ndiyo maana mafua hayakawii kuhamia sikioni.

Ngoma ikiwa nzima, matone hayafiki ndani. Mzazi anamlaza mtoto kiubavu, anadondosha, anasubiri dakika zake, na dawa yote imebaki kwenye tundu la nje. Lakini mtoto aliyewekewa vijirija vya kupitisha hewa kwenye ngoma, kisha sikio likaanza kutoa usaha, huyo njia yake iko wazi. Uholanzi walilipima hilo kwa watoto 230, matokeo yakatoka mwaka 2014. Baada ya wiki 2, usaha ulikuwa bado unaonekana kwa 5% ya waliopewa matone ya antibiotiki na steroidi, 44% ya waliomeza antibiotiki, na 55% ya walioangaliwa tu. Sifa zote msiipe steroidi, maana ndani ya chupa walikuwa wawili.

Dawa ya kupuliza puani ndiyo iliyonivutia zaidi kwa hoja: tuliza uvimbe kwenye mdomo wa mrija, majimaji yaliyokwama nyuma ya ngoma yashuke yenyewe. Hoja nzuri, matokeo hakuna. Uingereza, mwaka 2009, watoto 217 wenye majimaji sikioni walipuliziwa mometasoni, ambayo ni steroidi, au dawa bandia kila siku kwa miezi 3. Mwezi wa kwanza walipona 41% wa mometasoni na 45% wa dawa bandia!

Vidonge je? Huko huko, mwaka 2018, watoto 389 wenye majimaji hayo walipewa prednisoloni, steroidi ya kumeza, au dawa bandia kwa siku 7. Wiki ya 5 usikivu ulikuwa wa kuridhisha kwa 40% dhidi ya 33%, tofauti ambayo bahati tu ingeweza kuileta. Itazameni hiyo 33%: hawakumeza steroidi yoyote. Kwa hiyo majimaji yasiyo na homa wala maumivu yapeni miezi 3, kisha pimeni usikivu.

Nanyi mnaoandika dawa: ngoma ikiwa imetoboka au ina kijirija, epukeni matone yenye antibiotiki za gentamaisini au neomaisini. Yakipenya hadi sikio la ndani yanaweza kuua usikivu mliotaka kuuokoa.