Jinsi ya kumkagua ng'ombe wa maziwa kabla hujatoa hela

Haya wafugaji wenzangu, habari za saa hizi, leo tuko hapa hapa nyumbani Tengeru, bandani kwangu, na huyu nyuma yangu ni Pendo, chotara wa Friziani, uzao wa tatu, yaani keshazaa mara tatu. Mnaonifuatilia mnajua nauza mitamba, yaani majike wachanga ambao hawajazaa bado, kwa hiyo nikiwaambia wauzaji wanafichaje kasoro najua ninachoongea, sisi ndo wenyewe hao.

Kamba shingoni, mfunge, usimkurupushe, hiyo mnaijua.

Cha kwanza usiangalie rangi. Yaani mtu anafika shamba anaona mabaka meusi na meupe yamepangika anaanza kuuliza bei, rangi haikamuliwi jamani. Na unene pia, unasikia eeh huyu kanona. Ng'ombe anayekamuliwa sawasawa hanenepi hovyo, chakula anakipeleka kwenye ndoo. Simama ubavuni kwake hatua nne tano hivi umuone wote. Unatafuta umbo la kabari, mbele mwembamba, nyuma na chini pamejaa, shingo ndefu, bega lisiwe na minyama. Dogo sogeza kamera hapa mbavuni. Mnaona vidole vyangu? Kati ya ubavu na ubavu vinalala viwili bila shida, na mbavu zenyewe zimelalia nyuma, hiyo ndo nafasi ya kubebea majani. Ila mkondefu wa njaa ni kitu kingine, ngozi imegandamana na mbavu, manyoya yamesimama, huyo anaumwa au ana minyoo, asikudanganye mtu kwamba ndo umbo la maziwa.

Ngoja ngoja. Hapana usizime, acha watu waone. Mnaona mgongo wa Pendo kama umebonyea hapa? Haujabonyea, miguu ya mbele ameiweka kwenye kitaro cha kinyesi. Twende mama, twende, sogea… hapo. Ona sasa, umenyooka. Kwa hiyo mkague penye usawa, na muuzaji akimsimamisha miguu ya mbele kwenye kamwinuko ili aonekane ana mkao, mwambie kwa heshima tu, kaka tumtoe hapo.

Nyonga haraka haraka. Mfupa huu wa kiuno na huu wa makalio karibu na mkia, wa nyuma uwe chini kidogo, kidogo tu. Ukiwa juu, uchafu wa uzazi hautoki vizuri, halafu unamhimilisha, yaani unampandisha kwa mbegu za mrija, hashiki mimba unamlaumu mtaalamu. Na ile mifupa miwili ya makalio iachane, ikibanana siku ya kuzaa mtalala bandani.

Sasa kiwele, hapa mkae vizuri. Marekani wana kadi ya pointi wanayotumia kwenye mashindano ya ng'ombe wa maziwa, kati ya pointi 100 kiwele peke yake kina 40, umbo la kimaziwa na nguvu 25, miguu ya nyuma na kwato 20, fremu ya mwili 15. Kale kasura mnakokapenda kako humo kwenye 15, kanagombania pointi na mgongo na nyonga.

Na hili nitalirudia mpaka mchoke: umbo la kiwele linakaguliwa BAADA ya kukamua. Baada. Kikiwa kimejaa kila kiwele ni kizuri. Kuna watu wakijua mteja anakuja asubuhi hawakamui, unakuta kiwele kimetuna kama puto na wewe ushaanza kuhesabu noti.

Pendo tumemaliza kumkamua sasa hivi. Ona, kimelegea, ngozi naikusanya mkononi hivi. Kikikamuliwa kikabaki kigumu kimejaa vilevile, hiyo ni nyama. Njoo nyuma… dogo mkia huo, angalia lenzi! Haya futa. Kiwele kianzie juu huku, kiwe kipana, na katikati mnaona huu mfereji unaotenganisha kushoto na kulia? Ni kano inayokibeba, mfereji ukipotea ujue kano imelegea, chuchu zinaanza kutazama nje na kitako kinashuka. Kisipite chini ya goti la nyuma, hili linalochomoza, kikipita atakijeruhi mwenyewe akitembea. Vyumba viwili vya nyuma ndo vinatoa kama asilimia 60 ya maziwa, kwa hiyo usiishie kuangalia kwa mbele.

Chuchu nne, zikae kwa mpangilio, urefu kama sentimita 5. Mimi nakamua kwa mkono, chuchu fupi sizitaki hata kwa punguzo, unakamua kwa vidole viwili mpaka mkono unakufa ganzi. Michirizi ya kwanza kamua mwenyewe, zote nne, kwenye kikombe cheusi, ukiona madonge au maji maji au damu ni ugonjwa wa kiwele. Kuna ng'ombe chuchu moja ilishakufa zamani, na muuzaji atakukamulia zile tatu huku anakupigisha stori. Kwa hiyo unafika kabla hajakamuliwa, unajaribu chuchu, unakaa mpaka mwisho, halafu umbo unalikagua lini? Haya.

Mshipa wa maziwa, huu unaopita chini ya tumbo. Wazee wetu wanaupenda sana, na kweli lita moja ya maziwa inataka damu kama lita 400 hadi 500 ipite kwenye kiwele. Mimi nauangalia, ila sijawahi kununua kwa sababu yake, mtamba hata hauonekani vizuri.

Miguu, mtembeze. Kwa nyuma miguu iende sambamba, magoti yasigusane. Kwa pembeni goti lisipinde sana wala mguu usinyooke kama nguzo, kwato fupi, kisigino kirefu kidogo. Akichechemea muache, hata kama ni wa bure.

Mdomo sasa. Juu kwa mbele hana meno, msishtuke, chini yako manane. Ukikuta yote manane ni makubwa, huyo ameshafika miaka minne mitano au zaidi, halafu mtu anakwambia mtamba!

Mwisho lita. Umbo halikupi lita, omba daftari, na kama hakuna daftari kamuisha jioni, rudi kesho asubuhi kamuisha tena, pima mwenyewe.

Wale mnaouliza bei kwenye komenti, Pendo hauzwi. Binti yake ana mimba ya miezi sita, huyo tuongee.