Mstari Usiotaja Rangi
(Mhadhara uliotolewa Moshi kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa sekondari)

Walimu wangu, wazazi, na ninyi vijana mliobanana kule nyuma, karibuni.

Enzi ya Mwingereza ubaguzi wa shule hapa kwetu haukujificha. Kulikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika; ile ya Wazungu pale Arusha ilifunguliwa mwaka 1934. Januari 1962 mfumo ukaunganishwa. Ubaguzi ulioandikwa unajulikana pa kuufutia.

Marekani nako uliandikwa, ukafutwa na Mahakama ya Juu mwaka 1954 katika kesi ya Brown. Hiyo mnaijua. Isiyosemwa sana ni Milliken ya mwaka 1974. Detroit ilikuwa imebaki na wanafunzi wengi Weusi, Wazungu wamehamia vitongoji vya nje. Mahakama ya chini ikataka wanafunzi wachanganywe kuvuka mipaka ya wilaya za elimu. Majaji 5 dhidi ya 4 wakakataa. Tangu hapo mpaka wa wilaya unafanya kazi ya sheria ya zamani, bila kutaja rangi ya mtu. Na kwa kuwa fungu kubwa la fedha za shule hutokana na kodi ya majengo ya hapohapo, penye nyumba za bei ya chini shule nayo hukonda.

Kuna mstari mwingine hukohuko Marekani, huu ndani ya shule. Mtoto akianza aljebra darasa la nane, jiometri ataisoma la tisa, na kalkulasi ataifikia la kumi na mbili. Akichelewa mwaka mmoja, hafiki, labda asome likizo. Uamuzi hufanywa ana miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, mara nyingi kwa pendekezo la mwalimu. Pendekezo! Hapo ndipo jicho la mtu mzima huona rangi kabla ya daftari.

Sasa turudi nyumbani. Kwetu mstari wa leo ni lugha, na nyuma yake ada. Mtoto wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza anapewa jaribio la hisabati kwa Kiingereza, kisha shule nyingine hupanga mikondo kwa alama hizo. Eneo la duara analipata bila shida. Neno la Kiingereza la nusu kipenyo ndilo hajawahi kulisikia. Anaacha wazi. Anaandikwa mkondo D.

Walimu, toeni jaribio lilelile siku ya pili kwa Kiswahili. Alama zilizoongezeka ni deni la lugha, si la akili. Pimeni tena Juni, na anayestahili kuhama ahamishwe kweli, maana mkondo usiohamika ni tabaka.

Mkitoka hapa mkaisome ratiba iliyobandikwa ukutani. Nani anafundisha hisabati mkondo D? Na kwa nini vipindi vyake vyote viko mwisho wa siku, watoto wakiwa na njaa?