Kondoo Kwanza, Seli Shina Baadaye

Kwenye chai tu nimeulizwa mara tatu: "Daktari, hizo seli shina za mapafu ya njiti zitafika lini Moshi?" Yaani zile seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, watibiwe mapafu watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Haya, nitajibu. Lakini kwanza nianze na kondoo. Wanafunzi wangu pale nyuma wameshaanza kucheka. Kondoo huyu wanamjua.

Graham Liggins, kule Nyuzilandi, alikuwa anatafuta kinachoanzisha uchungu wa uzazi. Mapafu hayakuwa shida yake. Akawapa homoni ya steroidi vijusi vya kondoo, mmoja akazaliwa mapema mno, umri ambao hawaponi. Akamkuta hai, anapumua! Mwingine angesema bahati, akaendelea na yake. Liggins akapasua, akakuta mapafu yameingia hewa. Mnaukumbuka mfuko wa nailoni, kabla haujapigwa marufuku 2019? Ukilowa, kuta zinagandana, unahangaika kuufungua. Vifuko vya hewa vya njiti viko hivyo hivyo: vinakosa utelezi wa kuviachanisha. Steroidi iliuharakisha ule utelezi. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo ya jaribio la steroidi hiyo kwa akina mama 282 waliotarajiwa kujifungua mapema. Sindano ya bei ndogo kwa mama, vifo vya watoto vikapungua.

Sasa sikilizeni. Marekani, pamoja na fedha zao zote, jopo la kitaifa lilikuja kuihimiza sindano hiyo mwaka 1994. Miaka 22! Kwa hiyo mtu asiniambie kinachotuchelewesha ni kukosa uvumbuzi.

Najua, mtasema huyu mzee anapinga sayansi mpya. Sipingi. Sisi kitovu tunakizika. Wakorea wakachukua damu ya kitovu, wakatoa seli shina, wakawapa njiti 9 kupitia mrija wa koo. Hiyo ni 2014, na watoto walizivumilia. Wala seli hizo hazigeuki kuwa pafu, kama mnavyosoma kwenye simu, zinatuliza uvimbe. Mwaka 2021 wakaleta jaribio la njiti 66, nusu wakapewa seli, nusu hawakupewa: kwa kipimo kikuu, vifo na ugonjwa sugu wa mapafu, tofauti haikuonekana. Basi jibu langu ni bado.

Na pafu tunalotaka kulitibu, mara nyingi tumeliumiza wenyewe. Mashine inalisukuma, oksijeni iliyozidi inaliunguza. Hilo limeandikwa tangu 1967. Kuna wodi nimefanya kazi, kipimo cha oksijeni kimoja, watoto saba, tunapokezana kama sufuria ya msibani.

Kangaruu, ile ya mama kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, nilitaka niieleze vizuri, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Muulizeni sista yeyote wa wodi ya njiti, anaijua kuliko mimi.

Maswali. Lisiwe la seli shina, tafadhali.