Ampea 12,000 kutoka betri ya boda

Wenzangu walimu, na ninyi vijana mliobanana huko nyuma, habari za mchana, na poleni na foleni ya Kampala. Nimeombwa nizungumzie faida za uigaji wa kompyuta, simulesheni kama mnavyoiita wenyewe, yaani kuijaribu saketi au mashine kwenye skrini, katika kufundisha uhandisi. Faida zake mnazijua. Mimi nimekuja na ugomvi wangu uleule, na wanaoiamini skrini kabla hawajafikiri wenyewe, na walionisikia mwaka jana wanaruhusiwa kwenda kununua rolex, ile chapati ya mayai. Wakirudi watanikuta hapahapa.

Kijana mmoja, siku hizi ni mhandisi mzuri tu, aliniletea ripoti ya maabara. Saketi yenyewe ndogo: betri ya volti 12, kama za boda hizi zenu, na rezista moja, kile kifaa cha kuupinga mkondo, ya megaomu 1, yaani omu milioni moja. Aliichora katika programu ya kuigia saketi ya ukoo wa SPICE, ule uliozaliwa Berkeley, Marekani, miaka ya 1970. Grafu ya rangi, jalada la plastiki, jina langu kwa herufi nzito. Na mkondo? Ampea 12,000.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hizi ni ngapi?"

"Elfu kumi na mbili, Daktari."

"Kutoka betri ya boda?"

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Kompyuta ndiyo imesema."

Msicheke. Nusu yenu mngejibu vivyo hivyo. Katika SPICE herufi M, iwe kubwa iwe ndogo, ni mili. Mega huandikwa MEG. Yeye aliandika 1M, mashine ikasoma sehemu moja ya elfu ya omu. Ikagawa 12 kwa 0.001, na haikukosea hata chembe! Jibu alilolitaka ni mikroampea 12, yaani sehemu 12 za milioni za ampea, kwa hiyo alipotea mara bilioni moja, tena kwa furaha. Ampea 12,000 kwa volti 12 ni kilowati 144, vinu kadhaa vya posho vikisaga kwa mpigo, vyote kutoka chini ya kiti cha pikipiki. Fundi wa Katwe asiyejua SPICE ni mnyama gani angeitupa karatasi ile. Betri ya kweli ina ukinzani wake wa ndani, ukiikamua inagoma. Betri ya kwenye skrini ni kama shangazi mwenye huruma, ukiomba anatoa tu.

Tangu siku hiyo, kwangu hakuna anayegusa kitufe kabla hajaandika kwa kalamu anatarajia nini: ampea ngapi, grafu itapanda au itashuka, na kwa nini. Aliyekisia vibaya halafu akaeleza alipopotea anapata alama kumshinda mwenye grafu safi asiye na la kusema. Mnaniambia kusahihisha hivyo kunakula muda. Ndiyo, kunakula.

Naona mtu hapo mbele anatikisa kichwa. Najua: "Daktari, vijana sitini, mota moja karakanani, nayo inanguruma vibaya. Bila kompyuta tutafundisha nini?" Nani amesema tuiache? Mota ya induksheni ukiiwasha moja kwa moja hunywa mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Kwenye skrini unaiwasha mara mia, unaibebesha mzigo mpaka inakwama, unaikata fezi moja uone inavyoteseka, na hakuna wa kulipia kuisuka upya. Hiyo ni neema. Ninayemkataa ni yule aliyeunguza mota mia kwenye skrini na hajui vanishi ya nyaya zake ikiungua inanuka vipi. Na umeme ukikatika, kompyuta nazo chali, somo la umeme linaahirishwa kwa kukosa umeme. Tuyaache hayo.

Wala si ugonjwa wa wanafunzi peke yao. Norwe, tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulizama karibu na Stavanger ukiwa bado katika majaribio. Kwenye kompyuta waliugawa katika vipande ili wakokotoe kila kimoja, ila mahali pa hatari hawakuugawa sawasawa, na mkazo wa kukata ukaonekana pungufu kwa asilimia 47. Baadaye wakarudia hesabu kwa makini, na kompyuta ikasema ukuta utashindwa kwenye kina cha mita 62. Ulikuwa umeshindwa kwenye mita 65. Kumbe kompyuta ingeweza kuwaambia!

Nilitaka niseme juu ya leseni: programu za uigaji kama Scilab, OpenModelica na LTspice hazilipiwi, acheni zile za wizi zinazowaletea virusi. Nilitaka pia nizungumzie maabara za mbali, Makerere ilivyoshirikiana na MIT, Dar es Salaam na Obafemi Awolowo ya Nijeria katika iLabs, mwanafunzi akapima vifaa halisi kupitia intaneti. Hilo ni la siku nyingine, Mwenyekiti ameshaitazama saa mara tatu.

Basi fungeni hizo kompyuta mlizozifungua tangu nianze. Mota ya fezi tatu, kilowati 15, volti 415, inawashwa moja kwa moja. Kila mmoja aandike mkondo wa kuwashia ni ampea ngapi. Wewe wa shati la kijani, nawe pia. Simu mfukoni.