Jeneza Tupu na Kiti cha Mtazamaji

Mwangaluka, wazee wangu. Walimu wenzangu, na ninyi wanangu wa kikundi cha maigizo, asanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka Isevya na Ng'ambo kwa miguu, na jua la Tabora halina huruma hata asubuhi.

Nimeombwa niseme juu ya mchezo wa kuigiza wa Mfaransa Jean Genet, uitwao Les Nègres, yaani Weusi, na jinsi watu walivyoupokea. Ulichezwa kwa mara ya kwanza Paris, Oktoba 1959, katika ukumbi wa Théâtre de Lutèce. Mwongozaji alikuwa Roger Blin. Waigizaji walikuwa wa kundi la Les Griots, weusi watupu, watu wa Afrika na wa visiwa vya Karibi waliokuwa wakiishi Ufaransa. Nitaueleza kwa ufupi, halafu nitakaa zaidi kwa watazamaji, maana kisa chenyewe kiko huko.

Katikati ya jukwaa kuna jeneza limefunikwa shuka jeupe. Weusi waliopendeza kwa nguo za sherehe wanalizunguka wakicheza dansi ya madaha ya Mozart. Juu, kwenye roshani, wameketi wakubwa: Malkia, Gavana, Jaji, Mmisionari na mtumishi wa Malkia. Hao wakubwa nao ni weusi, wamevaa vinyago vyeupe, na vinyago vyenyewe havizibi uso wote. Pembeni panaachwa ngozi nyeusi na nywele, kwa makusudi, ili mtazamaji asisahau. Walio chini wanawaigizia walio juu jinsi walivyomuua mwanamke wa kizungu. Kila baya ambalo mbaguzi husema juu ya mtu mweusi wanalibeba, wanalivaa, wanalikuza mpaka linatisha. Baadaye shuka linaondolewa, na hapo tunaona kwamba hakuna maiti wala jeneza. Vilikuwa viti viwili tu. Na muda wote huo, nje ya jukwaa, mweusi mmoja anahukumiwa na weusi wenzake kwa usaliti, na anauawa. Mbwembwe zote tulizotazama zilikuwa za kutupoteza macho tusiyaone hayo.

Kwa hiyo si mchezo wa uhalisia. Humwoni mkulima akinyang'anywa shamba wala kuli akipigwa bandarini. Unyonyaji umegeuzwa kuwa ibada, vinyago na adabu za kifalme.

Sasa sikilizeni agizo aliloandika Genet mwanzoni mwa kitabu. Alisema mchezo huu umeandikwa na mzungu kwa ajili ya watazamaji wazungu. Ukichezwa mbele ya weusi watupu, basi kila usiku aalikwe mzungu mmoja, mwanamume au mwanamke, apokewe kwa heshima, akalishwe mbele katikati, na taa immulike muda wote. Asipopatikana mzungu atakayekubali, watazamaji weusi wagawiwe vinyago vyeupe mlangoni. Wakivikataa, basi iwekwe sanamu.

Agizo hilo nimelisoma mara nyingi sana, na kila mara linanisimamisha palepale. Nitalirudia.

Mwaka 1961, tarehe 4 Mei, mchezo ulifunguliwa New York, katika ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse, kwa uongozi wa Gene Frankel. Ulichezwa mara 1,408, zaidi ya miaka mitatu. Humo walikuwamo James Earl Jones, Cicely Tyson, Roscoe Lee Browne, Louis Gossett na Godfrey Cambridge, majina ambayo baadaye dunia nzima iliyajua, na Maya Angelou alikuwa Malkia mwenye kinyago cheupe. Ulipata tuzo ya Obie, ya kumbi ndogo za New York, ya mchezo mpya bora. Kumbukeni mwaka huo. Januari Lumumba aliuawa Katanga, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Februari Angelou na wenzake waliingia Umoja wa Mataifa kupiga kelele kwa ajili yake. Desemba sisi tukapandisha bendera. Ndani ya mwaka huohuo, wazungu wa New York walikuwa wakikata tiketi kwenda kutukanwa.

Nao walifurahi. Hilo ndilo lililowasumbua wengi. Mwandishi Norman Mailer aliusifu kwa makala mbili katika gazeti la Village Voice, Mei 1961. Aliyemjibu alikuwa Lorraine Hansberry, mwanamke mweusi ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameandika mchezo wa familia inayotaka kununua nyumba Chicago, wa kwanza wa mwanamke mweusi kufika Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Hansberry hakukana kwamba Genet ni fundi. Alichosema ni kwamba haya ni mazungumzo ya wazungu kwa wazungu juu ya wazungu wenyewe, na mtu mweusi ameazimwa tu awe kioo. Mtu mweusi wa Genet hana kodi ya nyumba wala mtoto anayehitaji kusomeshwa. Ana hasira nzuri ya kutazamwa, basi.

Mimi niko upande wa Hansberry, lakini si mpaka mwisho, na atakayenisaidia kueleza kwa nini ni Angelou. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba aliposoma mchezo mara ya kwanza aliukataa. Hakuamini kwamba weusi wakipata madaraka watakaa kwenye roshani ile na kuwa kama wale waliong'olewa. Aliyembishia ni mumewe, Vusumzi Make, mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Make alisema Genet ameona kweli: tusipoangalia, na sisi tutakuwa vilevile. Ona basi. Mwafrika aliyekuwa uhamishoni kwa sababu ya ubaguzi ndiye aliyeutetea mchezo ambao Hansberry aliuona si wetu. Make hakuwatazama wazungu waliokaa mbele. Alitazama ule ukingo mweusi pembeni ya kinyago.

Angelou anasimulia pia juu ya wazungu waliorudi kuutazama tena na tena, wakaja nyuma ya jukwaa kusifu na kusema wameelewa. Hapa nataka kueleza habari ya wazungu hao kwa jambo ambalo sisi wa huku tunalijua kuliko Paris. Nasema utani.

Wazee wetu waliobeba pembe kutoka Ujiji, wakapita hapa Unyanyembe, wakashuka mpaka pwani, walirudi na utani. Mnyamwezi na Mzaramo hadi leo ni watani. Na mtani mnamjua kazi yake msibani. Wenyewe wanalia, yeye anaingia na kanzu ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, anawatukana wafiwa kwamba wamemuua kwa uchoyo wa mboga. Watu wanacheka machozi yakiwa mashavuni. Ukimwonyesha mtu wa Tabora watu wanaolizunguka jeneza kwa dhihaka, humwambii kitu kigeni. Anakijua tangu utotoni.

Lakini utani una sharti, nalo ni kwamba zamu inageuka. Leo mtani ananisuta kwenye msiba wangu, kesho mimi nitaingia kwake na kumlipa, na hana ruhusa ya kukasirika. Pasipo zamu hakuna utani. Nadhani ndicho kilichoharibika pale New York. Wazungu wengi walikaa wakapokea matusi kana kwamba ni ya mtani, wakacheka, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani wepesi. Kumbe zamu haikuwapo. Yule aliyekuwa akiwatukana jukwaani, asubuhi alikuwa hapewi nyumba ya kupanga katika mtaa wao. Hansberry aliiona hiyo, na ndiyo maana aliandika kwa ukali ule.

Kulikuwa na malumbano mengine ya namna hiyo. Mwaka 1968 kundi la Negro Ensemble lilianza kazi katika ukumbi uleule kwa mchezo wa Peter Weiss, Mjerumani aliyeishi Sweden, juu ya Mreno na unyonyaji wake Angola na Msumbiji. Nao ulikuwa wa nyimbo na ishara. Watu wakauliza: kundi jipya la weusi, mbona linafungua kwa mzungu? Sisi tuliokuwa jirani na vita vya kumng'oa Mreno Msumbiji tungeuliza swali jingine, lakini nitaliacha.

Nirudi kwenye kiti. Mji huu unajua habari za kupewa kiti kwa rangi. Januari 1958, hapahapa Tabora, mkutano mkuu wa TANU ulijadili kura tatu: kila mpiga kura alazimike kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja, Mwasia mmoja. Hasira zilikuwa kubwa. Mwalimu Nyerere aliwashawishi wakubali kuingia ili washinde kwa ndani, wakakubali, na Zuberi Mtemvu akajitenga akaanzisha chama chake. Swali lilikuwa la kiti: je, tukubali kumwekea mzungu nafasi yake ili mambo yaanze? Ninapolisoma lile agizo la Genet, la mzungu mmoja anayemulikwa taa, naikumbuka kura ile.

Mwaka juzi mimi na vijana hawa tulitengeneza kipande chetu, dakika ishirini tu, kwa kufuata umbo lile: jeneza, wakubwa juu ya meza, nyuso zimepakwa chokaa. Tulicheza uwanjani, jioni. Mazoezini tulibishana juu ya kiti. Mzungu wa kualika hakuwapo. Mmoja akasema tuweke sanamu. Ndipo binti mmoja, aliyekuwa Jaji, akasema, "Mwalimu, kwani tukija sisi peke yetu watazamaji hawajaja?" Sikuwa na jibu. Sanamu hatukuweka.

Wahakiki wa magazeti hatuna. Tuna watu wanaosimama uwanjani na kusema wanachofikiri palepale. Watoto walimcheka Gavana. Mzee mmoja alikasirika, akasema barabara ya misafara haikuwa ya wazungu peke yao; wapo wa kwetu waliouza wa kwetu, nao mnawaficha nyuma ya chokaa. Nilimwambia, baba, ndiyo maana chokaa haifiki masikioni. Hakuridhika, na mpaka leo naona alikuwa na haki. Chokaa inaweza kuwa ukumbusho, na inaweza pia kuwa mahali pa kujifichia.

Lakini aliyenifundisha zaidi ni bibi mmoja aliyesimama nyuma akiegemea fimbo. Tulipoanza kulizunguka jeneza aliuliza kwa sauti, "Aliyekufa ni nani?" Hakujibiwa. Akauliza tena. Vijana wakaendelea kucheza, na mimi nikaona aibu, kwa sababu kwa Genet jeneza tupu ni werevu wa jukwaa, ila hapa tulipo wako watu waliofia njiani kati ya Ujiji na pwani, wengi mno, na hakuna aliyewachimbia kaburi. Yeye hakuwa akiuliza juu ya mchezo.

Basi ikafika mahali pa kuvuta shuka. Likavutwa. Vikaonekana viti viwili, vya darasani, vya mbao.

Bibi akasema, "Kumbe ni viti. Na sisi mmetusimamisha tangu alasiri."

Akaja mbele taratibu na fimbo yake, watu wakampisha. Akakaa kwenye kimoja. Akamwita yule mzee mwenye hasira akakaa kwenye cha pili. Kisha akainua uso kwa yule binti mwenye chokaa juu ya meza, akamwambia, "Haya, endelea, mjukuu wangu. Nakusikiliza."