Stara ya Uani Huanzia Chini

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie miti inayokua haraka ya kusitiri uani. Kwanza tujiulize tunasitiri nini. Uani ndiko tunakopikia, tunakofua na kuanika, ndiko mama anakokaa na kanga yake akichambua mchele. Anayepita nje macho yake yako kwenye kimo cha mtu. Basi stara tunayoitafuta iko kati ya ardhi na mita 2 hivi. Hapo ndipo wengi tunapokosea, tunanunua mche kwa sababu unakimbilia juu.

Mvinje unakimbia kweli, hata kwenye mchanga wetu huu wa pwani, maana mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni ya hewani. Lakini ukiachwa urefuke, matawi ya chini yanakosa jua, yanakauka, unabaki na safu ya nguzo. Huo upandeni shambani ukinge upepo. Mwashoki, ule mti mwembamba unaopanda juu wima, nao una kazi yake, pale jirani anapojenga ghorofa na dirisha lake likatazama jikoni kwako.

Minyaa siishauri kabisa kwenye nyumba yenye watoto. Najua ni rahisi, unachomeka kipande tu kinashika, na mifugo haiigusi. Lakini nilikuwepo siku kijana alipoikata kwa panga, tone la utomvu likamrukia jichoni. Tulimmwagia maji mpaka ndoo ikaisha, tukamkimbiza hospitali, na usiku kucha jicho lile halikufunguka. Sijaisahau sauti yake.

Mimi napanda mchongoma, ule wa matunda ya njano machachu, ambao Kenya wanauita kaiyaba. Asili yake ni kusini mwa Afrika, unavumilia ukame, na miiba yake mwizi anaiheshimu. Panda masika yakianza, mistari miwili, mche na mche sentimita 30, mstari wa pili uzibe nafasi za wa kwanza. Tandaza nyasi kavu shinani.

Kisha inakuja kazi ambayo watu wananigomea. Mche ukifika magotini, ukate ubaki shubiri moja. Mama mmoja alinishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, nimeumwagilia miezi yote hii, halafu unaukata?" Nikamwomba aniachie mmoja tu. Ncha ya mche ndiyo inayoyazuia macho ya chini, yaani pale matawi yanapochipukia, yasichipue, ukiiondoa, yanaamka. Baada ya wiki chache alinipigia simu: pale palipokuwa na kijiti kimoja, vimetoka vinne, vyekundu-vyekundu bado, laini kama mchicha. Miche mingine akaikata mwenyewe.

Rudia kila ua linapoongezeka shubiri mbili, usingoje lifike kifuani. Na unapolisawazisha, chini pawe pana kuliko juu, ili jua lifike mpaka shinani. Ua lililotanuka juu kama mwavuli hujipiga kivuli lenyewe, chini likatoboka, kuku wa jirani wakapata mlango.

Miche iko hapo kwenye ndoo, na mkasi wa bustani ninao. Wanaotaka kujaribu waje mbele, tukate wote, ila vaeni glavu kwanza.