Kiolezo cha Zamani Kiondoeni kwenye Orodha

Ndugu zangu, walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi: ankara ya asilimia 14.

Aprili 2020, wakati wa korona, serikali ya Kenya ilishusha VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14. Ofisi moja niliyokuwa nikiihudumia ilitengeneza kiolezo kipya cha ankara, yaani ankara ya mfano ambayo karani anaijaza tu, ikakichapisha kwenye mfumo wa kompyuta wa ofisi, matawi yote yakakipata siku hiyohiyo. Kazi safi. Tarehe 1 Januari 2021 kodi ikarudi 16, kikachapishwa kingine. Kile cha 14 hakuna aliyekigusa. Vikakaa pamoja kwenye orodha ambayo karani anachagulia: "Ankara mpya" na "Ankara mpya 2". Sasa niambieni, karani aliyeajiriwa Februari ashike kipi? Alishika "Ankara mpya", na wala simlaumu! Kwa bidhaa za shilingi 100,000, mteja akaandikiwa kodi ya 14,000 badala ya 16,000. Zile 2,000 ofisi ikazitoa mfukoni mwake, kila ankara, mpaka mhasibu aliposhtuka mwisho wa mwezi.

Kuna anayetaka kuniambia, "Si wangekifuta tu?" Hapana, msifute! Kuondoa ni kukitoa machoni pa karani; msimamizi anabaki nacho. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5. Mkaguzi akiuliza ankara zenu za 2020 zilitokana na kiolezo gani, mtamwonyesha nini?

Tena msidhani mkishakiondoa mmemaliza. Barua iliyoandikwa jana kwa kiolezo cha Word haibadiliki kwa sababu leo umerekebisha kiolezo chenyewe. Na ile nakala mtu aliyojiwekea kwenye kompyuta yake "isije ikapotea", mfumo hauioni kabisa. Hapo ni kuinuka na kupita meza hadi meza. Mimi nimepita. Meza moja nilikuta barua bado zinatoka na sanduku la posta la jengo tulilohama miaka mitatu nyuma, na dada wa watu anashangaa kwa nini hajibiwi.

Naonyeshwa saa. Haraka basi: neno "mpya" lisiwe jina la kiolezo, andikeni tarehe kinapoanza kutumika. Ruhusa ya kuchapisha wapewe watu wawili, na haohao ndio waondoe. Mwenye orodha ya violezo vya ofisi yake kwenye simu aje hapa mbele, tuipitie pamoja sasa hivi.